Mzigo wa Mjerumani, Njia ya Mpagazi

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Nyegezi, Mwanza



Nianze na jambo tunalolijua sote na kulikiri wachache. Sidhani kama ndani ya ukumbi huu yupo mtu mzima ambaye hajawahi kunong'onezwa habari za mzigo wa Mjerumani. Habari yenyewe huja kwa sura ileile, uisikie hapa Nyegezi, Misungwi, Iringa au Tanga. Babu wa mtu fulani alikuwa askari wa Mjerumani. Wajerumani walipokuwa wanakimbia walichimba shimo usiku, wakashusha masanduku, wakaacha alama kwenye jiwe. Babu aliiona. Ramani ipo, ila imechakaa. Kinachokosekana ni hela kidogo tu ya kumleta mtaalamu, kukodi kipimo cha kugundua chuma, na kununua mbuzi mweusi wa kuwatuliza wanaoulinda mzigo. Mbuzi akishachinjwa, mtaalamu hurudi na taarifa kwamba wanaoulinda wanataka ng'ombe.

Nimeombwa nizungumzie utafutaji wa mabaki na masimulizi kwenye njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Tabora ikapanda hadi ziwa letu. Ningeweza kuwaacha hawa wachimbaji wa usiku nje ya mlango, nikaongea na ninyi mambo ya kisomi. Sitafanya hivyo. Naona hadithi yao ina swali la haki ndani yake, ingawa wanalichimbia mahali pasipo na kitu, tena huku wakivikanyaga vilivyopo.

Tuitazame njia kwanza. Shina lake lilianzia Bagamoyo, likapanda Usagara, likakatiza Ugogo hadi Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo. Hapo ndipo lilipogawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini-magharibi hadi Karagwe na Buganda, na jingine likaja kwetu, kwa kupitia nchi za Unyamwezi na Usukuma hadi maji ya Nyanza. Basi linalotoka stendi ya Nyegezi leo kwenda Shinyanga, likapita Mkolani, Buhongwa, Usagara yetu ya hapa na Misungwi, linafuata uelekeo uleule kwa ujumla. Reli iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928 nayo iliufuata. Wahandisi wa Mwingereza hawakubuni kitu kipya: watu walikuwa wameshaipima nchi kwa miguu yao kabla hajazaliwa hata mmoja wao.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Amerika Wahispania walikuwa na barabara ya kifalme iliyotoka Mji wa Mexico kwenda kaskazini hadi Santa Fe, kilomita zaidi ya 2,500, ikipitisha fedha ya migodini, chumvi, zebaki na mapadri. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ilipita juu ya mapito ya wenyeji waliokuwapo kabla ya Mhispania. Na kule pia hadi leo watu hutembea na vipimo vya chuma wakitafuta hazina ya Mhispania, na kule pia kila bonde lina babu aliyeiona alama. Tofauti ni kwamba mwaka 2010 UNESCO iliiandika sehemu ya njia hiyo iliyo Mexico kwenye orodha ya urithi wa dunia, vituo vyake vikiwa vimeshapimwa, vimechorwa, na vimeandikiwa vitabu. Ya kwetu iko kwenye orodha ya mapendekezo ya awali tangu mwaka 2006. Vituo vilivyotajwa humo ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vihesabuni tena. Tawi la kwetu halimo.

Sababu mojawapo ya tawi letu kusahaulika ni kwamba halionekani. Barabara ya Mhispania ilikuwa na mikokoteni, na gurudumu la mkokoteni huchimba mfereji unaobaki miaka mia tatu. Njia yetu haikuwahi kujua gurudumu. Wamisionari walijaribu mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani katika miaka ya 1870. Mbung'o na maradhi yakawamaliza ng'ombe kabla ya safari kwenda mbali. Kwa hiyo mzigo ulibaki kichwani na begani. Njia ilikuwa pana kwa mtu mmoja tu, ikizunguka kila jiwe na kila kichuguu, na mvua mbili zikipita bila msafara, nyasi huifunga.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, pengine zaidi, na hapo hujahesabu mkeka wake, chungu, silaha na chakula. Kwenda bara walibeba vitambaa, yaani merikani, kaniki na satini, pamoja na ushanga na nyaya za shaba, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Kirangozi alitangulia mbele na bendera. Safari ilianza alfajiri, na jua likiwa kali watu walishakuwa kambini wanasaga mtama. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na ushanga wa kununulia. Wanyamwezi na Wasukuma waliifanya kazi hiyo kwa ujira, wakipatana, wakigoma, wakitoroka pale mkubwa wa msafara alipovunja mapatano. Wake na watoto wao walitembea pamoja nao. Tusisahau pia kwamba kwenye njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, waliouzwa, na ambao hawakupatana na mtu yeyote ujira wowote. Njia ilikuwa moja, na ukiisimulia kwa upande mmoja tu, umeidanganya.

Sasa tuje kwa mtu anayetajwa kila mara Mwanza ikitajwa. Tarehe 9 Julai 1858, John Hanning Speke aliondoka Kazeh kuja kaskazini. Mwenzake Richard Burton alibaki akiuguza mwili na kukusanya habari. Hakuna aliyekuwa anabahatisha: mfanyabiashara Mwarabu wa Kazeh, Snay bin Amir, alikuwa ameshawaeleza kwamba kaskazini lipo ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Tarehe 30 Julai Speke aliyaona maji kwa mara ya kwanza, na maji yenyewe ni haya hapa, mkono wa ziwa tunaouita Ghuba ya Mwanza. Aliupa mkono huo jina la nyumbani kwao Uingereza, akaufuata kuelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti, juu ya kilima, akaona maji yamefunguka mbele yake. Kibao kwenye mnara wa saa mjini kinakitaja kilima hicho kuwa ni Isamilo, na kinasema Speke ndiye aliyegundua.

Sitapoteza muda kumsema Speke. Kibao kimeshasemwa sana, na wanafunzi wangu wanaweza kukisema hata usingizini. Ninachotaka mtazame ni namna alivyopata habari zake, kwa sababu kazi ya kutafuta masimulizi haijabadilika sana tangu siku ile.

Hapa Mwanza alipokewa kwa mtemi Mahaya, na alikuwapo Mwarabu aliyeitwa Mansur bin Salim. Speke hakujua Kisukuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Aliyemfungulia nchi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani. Kwa hiyo mzee wa Mwanza alisema neno kwa lugha yake, likageuzwa Kiswahili, likageuzwa Kihindustani, likaandikwa Kiingereza. Kila tunachosoma leo kuhusu Mwanza ya mwaka 1858 kimepita kwenye vinywa hivyo vyote.

Lipo tukio moja lililopita bila kuhitaji mkalimani. Speke aliuliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini. Mtu mmoja aliyesifika kwa kusafiri sana akageuka kaskazini, akaanza kutikisa kichwa kuelekea huko, huku mkono wa kulia anaurusha mbele na kualisha vidole, tena na tena, halafu akasema hakuna ajuaye, pengine linafika mwisho wa dunia. Speke aliyaandika hayo kitabuni mwake. Mkitaka kujua kama ni kweli, nendeni mwalo wowote mkamuulize mvuvi mzee umbali wa mahali palipo mbali sana, halafu msisikilize anachosema. Tazameni mkono wake.

Baada ya hapo Speke alichemsha maji. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa kipimajoto kimoja kilichosalia alikadiria kwamba ziwa liko futi 3,740 juu ya bahari, sawa na mita 1,140. Vipimo vya kisasa vinasema mita 1,134 au 1,135. Kwa sufuria na moto wa kuni, amekosea kwa urefu wa nyumba moja ya ghorofa! Bahati ilimsaidia, kwa sababu kipimajoto chake hakikuwa kizuri. Lakini mimi hupenda kuwaambia vijana wenye vipimo vya chuma vya mamilioni ya shilingi kwamba sufuria ile ilizaa zaidi.

Tarehe 6 Agosti alikuwa ameshageuza. Alikaa Mwanza siku zisizofika wiki. Bombay aliendelea kutembea: na Speke tena, kisha na Stanley mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron kuvuka bara zima hadi Atlantiki. Kama kuna mtu aliyeijua njia hii kwa nyayo, ni yeye, na jina lake haliko kwenye mnara wa saa.

Mashariki ya Mwanza, katika wilaya ya Magu, kuna Kageye. Nitapita hapo haraka, ingawa pangestahili mhadhara wa peke yake. Stanley alifika Kageye Februari 1875, kijiji cha Kaduma, akiwa na boti iliyoitwa Lady Alice iliyobebwa vipande vipande kichwani kutoka Bagamoyo. Akaiunga ufukweni, akaondoka Machi kuzunguka ziwa lote. Aliporudi, kijana wake Frederick Barker alikuwa ameshafariki na kuzikwa hapo. Mfanyabiashara Sungoro alikuwa na nyumba hapo na alikuwa anaunda jahazi. Wamisionari Waanglikana walipitia hapo mwaka 1877, na daktari wao John Smith akafia hapo. Mapadri Weupe walifika Desemba 1878, na mwezi uliofuata Padri Lourdel na Bruda Amans wakapanda mtumbwi kwenda Buganda. Ndani ya miaka minne kijiji kimoja cha wavuvi kilikuwa bandari, soko, kambi ya watumwa, kiwanda cha kuunda vyombo na makaburi ya wageni. Leo ukimuuliza mtu wa Mwanza mjini Kageye iko wapi, anakuuliza kama unatafuta kiwanja.

Mahali ninapotaka tukae zaidi ni karibu na hapa tulipo. Ukitoka Nyegezi ukashuka kusini kwa upande huu wa ghuba unafika Bukumbi, wilaya ya Misungwi, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1883. Watu wa Bukumbi wanajivunia, na ni haki yao, kuwa na parokia kongwe kuliko nyingine zote za upande huu. Lakini nje ya Bukumbi ni wachache wanaojua nani alikuja kujificha hapo.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua vijana wa ikulu yake waliokataa kuiacha dini mpya. Wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Hao ndio mashahidi wa Uganda, ambao mahujaji wa Kanda ya Ziwa huenda kuwaheshimu kila mwaka. Septemba 1888 Waislamu na Wakristo wa Buganda waliungana wakamwondoa Mwanga madarakani. Akakimbia kwa mitumbwi kuvuka ziwa, akaangukia Magu, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, waliomnyang'anya alivyokuwa navyo na kumweka kama mfungwa. Mwezi uliofuata ugomvi wa Buganda ukageuka, na wamisionari wote, Wakatoliki na Waanglikana, wakafukuzwa. Walipakiwa katika boti moja. Njiani kiboko aliitoboa, na baadhi ya watoto waliokuwa nao wakazama. Waliosalia wakafika pwani ya kusini, na Wakatoliki wakaingia Bukumbi.

Na Mwanga akaja huko huko. Alitoroka Magu akakimbilia kwa mapadri. Hebu fikirini uani pa misheni ile: mapadri waliofukuzwa Buganda, vijana wa Kiganda waliopoteza ndugu zao kwa amri ya Kabaka, na Kabaka mwenyewe, hana kiti, hana ngoma, anaomba pa kulala. Wakampokea. Mkubwa wao alikuwa Askofu Livinhac. Mwaka 1889 Mwanga aliondoka kwa boti ya Charles Stokes, Mwailandi aliyekuja kama mmisionari, akaacha umisionari akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki, akaoa katika ukoo wa watawala wa Kinyamwezi, na akawa anaendesha misafara mikubwa kati ya pwani na Usukuma. Kabla mwaka haujaisha Mwanga alikuwa amerudi mjini kwake. Stokes naye aliishia kunyongwa Kongo mwaka 1895 na ofisa wa Wabelgiji, bila nafasi ya kukata rufaa.

Hii si ngano. Ipo katika barua na shajara za Mapadri Weupe zilizohifadhiwa Roma, na ipo katika historia za Buganda. Niambieni basi: ni sanduku gani la Mjerumani lenye thamani kuliko kisa hiki? Lakini hakuna aliyewahi kuniamsha usiku kuniambia kwamba babu yake alimwona Mwanga akipita. Mtu wa namna hiyo akinigongea, nitaamka.

Turudi kwenye dhahabu, maana najua kuna wanaoisubiri. Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia mwaka 1898 wakatoza kodi ya kibanda. Pale mwanzo kodi ililipwa hata kwa mazao na kazi. Polepole ikawa rupia. Rupia haikuota shambani. Mtu alilazimika kuuza ng'ombe, kulima pamba, au kwenda kubeba mizigo ili aipate, kisha aikabidhi bomani. Ikaendelea hivyo hadi vita.

Katikati ya Julai 1916 Waingereza walishuka kutoka ziwani wakaichukua Mwanza, na Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini, Tabora, kwa njia ile ile ya misafara. Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora. Kabla ya hapo kulifanyika jambo ambalo ndilo mama wa hadithi zote za mzigo. Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari, fedha hazikuingia tena, kwa hiyo wakaanza kutengeneza sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Sarafu ndogo zilitokana na shaba, ikiwemo ya maganda ya risasi. Kubwa ilikuwa ya rupia 15, ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja ina tai, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Ni sarafu nzuri sana, nani asingeiota?

Tuipigie hesabu. Zilitengenezwa sarafu 16,198, kila moja gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Zidisheni: ni kilo 116 na ushee. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30. Kwa hiyo sarafu zote za dhahabu zilizowahi kutengenezwa Tabora, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ni mzigo wa watu wanne. Watu wanne tu! Nazo hazikufukiwa, zililipwa kwa maofisa na askari na wafanyabiashara, zikasambaa, na leo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani, zikiwa na bei zinazojulikana. Huku kwetu mizigo inayosimuliwa ingejaza treni.

Basi kwa nini hadithi haifi? Wengine hujibu kwamba watu wetu wana tamaa na hawajasoma. Jibu hilo silipendi, na tena si la kweli. Nawajua wenye shahada mbili waliochangia mbuzi. Mimi naona hivi. Watu walitoa rupia mwaka hadi mwaka, bomani, mbele ya macho yao, zikahesabiwa na kuingizwa kwenye masanduku. Masanduku waliyaona. Vita vilipokuja, wakatolewa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi, na noti za dharura walizolipwa zikageuka karatasi tupu alipoondoka aliyezichapa. Kisha Mjerumani akaenda, na hakuna aliyerudisha kitu. Mtu wa namna hiyo akiwaambia wajukuu zake kwamba masanduku yapo, yamefichwa mahali, anachosema ni kwamba kuna deni. Swali lake ni sahihi kabisa: mali yetu ilikwenda wapi? Jibu lake tu ndilo limepotea njia, kwa sababu mali iliyotolewa kwa kodi haikai kwenye shimo. Ilikwenda kwenye mishahara, reli, risasi, na meli za kwenda Hamburg. Mafaili ya utawala wa Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Anayetaka kufuatilia deni aanzie huko, aache mawe.

Nimetaja mawe, na siwezi kusimama Mwanza nisiseme juu yake. Mji huu umejaa mawe yaliyobebana, hata Jiwe la Bismarck pale majini watu huapa lilipangwa na mtu. Halikupangwa, jua, mvua na muda vilikula udongo na mwamba laini, vikaacha vigumu vimekaa juu ya vingine. Kati ya alama nilizoonyeshwa kuwa za Mjerumani, nyingi zinaingia kwenye mafungu machache. Kuna vishimo vya mviringo vilivyopangwa safu kwa safu juu ya mwamba: hivyo ni vya bao, au vya kupondea nafaka na dawa, na vingine ni vya zamani kuliko Ujerumani yenyewe. Kuna misalaba na pembetatu zilizotiwa saruji juu ya vilima: hizo ni bikoni za wapimaji ardhi. Na kuna mistari mirefu ya kijivu kwenye mwamba, ambayo ni mishipa ya mwamba mwingine. Kila moja ina mtaalamu wake na mbuzi wake.

Na pale wanapochimba wanaharibu. Kwenye kambi za misafara kinachobaki ni kidogo na chepesi: vigae vya vyungu, mawe matatu ya jiko, mavi ya chuma palipokuwa na mfua majembe, na ushanga wa kioo ambao mvua huufunua, punje nyekundu au ya bluu, ndogo kuliko ya mtama. Punje hiyo ikiokotwa na kutiwa mfukoni, imekwisha. Ikiachwa mahali pake pamoja na kigae kilichokuwa kando yake, inaweza kukuambia msafara ulilala hapo karne ipi na ushanga ulitoka nchi gani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, lakini hadi polisi wajue, shimo limeshafukuliwa na vigae vimetupwa pembeni kama takataka.

Kuna masimulizi ambayo hayahitaji kuchimbuliwa wala kusahihishwa. Ng'wanamalundi, mganga wa Kisukuma aliyefariki mwaka 1936, husimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka, na kwamba Wajerumani walimkamata wakashindwa kumweka. Sitamtuma mwanafunzi yeyote akapime miti. Nitamtuma akaulize kisa hicho kinasimuliwa vipi Kwimba na vipi Magu, nani hukamatwa na nani hukamata, na kwa nini mtawala anayeshindwa ni Mjerumani na si Mwingereza. Bujora, kule Kisesa, Padri David Clement alianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma za watemi na habari za vyama vya wachezaji, akisaidiwa na Wasukuma waliojua kila kitu kilitumikaje. Kazi hiyo ndiyo iliyotuokolea tulivyo navyo. Ilikusanya vya watemi zaidi kuliko vya wapagazi, na hilo si la kulaumu; mtemi ana ngoma, mpagazi ana bega tu.

Ombi langu kwa chuo hiki na kwa halmashauri zetu ni dogo. Tawi la Tabora hadi ziwani liingizwe kwenye mapendekezo ya taifa, likiwa na vituo viwili vya kuanzia, Kageye na Bukumbi. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limefanya ghuba ivukwe kwa dakika chache, na viwanja vya pande zote mbili vinauzwa haraka kuliko tunavyoweza kuandika. Miembe mizee inayokatwa kwa ajili ya mkaa kwenye njia ya Misungwi ipigwe picha na kuwekewa namba kwenye ramani kabla ya msimu ujao, kwa maana miembe ilifuata misafara kutoka pwani, na ikiwa imejipanga mstari mahali pasipo na nyumba, mara nyingi hapo palikuwa na nyumba.

Wanafunzi watakaojitolea wataanza Bukumbi. Wasiende na kipimo, wala wasitaje dhahabu, maana ikishatajwa hakuna kingine kitakachosimuliwa siku hiyo. Wamwamkie mzee, wakae, waulize maji ya kijiji yalichotwa wapi kabla ya bomba, nani alikuwa anawauzia wasafiri mtama na kwa kipimo gani, mwembe ule ulipandwa na ukoo upi, mzee wake alibeba mzigo wa nani katika vita vya Mjerumani, na alilipwa nini. Waandike jibu kwa lugha iliyotumika kulisema, Kisukuma kikiwa Kisukuma, na wataje jina la aliyelisema iwapo ameruhusu.

Ninaambiwa muda wa maswali umefika. Wazee waanze.